Kanda ya Mateke

Teke langu la kwanza liliua chupa ya chai.

Sikukusudia. Yule dada wa kwenye kanda ya video alisema tunyanyue goti, tuzungushe kiuno, halafu turushe mguu pembeni, na mie nikaurusha. Yeye alikuwa kwenye ukumbi mpana usio na kitu, kavaa bukta inayong'aa na kitambaa chekundu kichwani. Mie nilikuwa sebuleni kwa mama mkwe wangu, Mtoni, nimejifunga kanga, katikati ya makochi na stuli na vitambaa vyake vya kufuma. Kanga ikanibana magoti, nikayumba, kisigino kikaipata chupa iliyokuwa juu ya stuli. Ikaanguka, ikalia ndani kwa ndani, ule mlio ambao kila mwanamke mwenye nyumba anaujua.

"Kuna nini huko?" Bi Mwanakombo, mama mkwe wangu, aliita kutoka uani.

"Chupa ya chai, mama! Imeteleza!"

"Imeteleza yenyewe?"

Demetria alikuwa kwenye kochi, kampakata mwanangu Mauwa, kauma ncha ya kanga yake asicheke kwa sauti. Demetria ni mpangaji wetu wa chumba cha mbele, mtu wa Songea, karani mjini. Tulizoeana kwenye masomo ya jioni, tukikaa dawati moja na kugawana karanga. Kanda ilikuwa yake. Wifi yake alirudi nayo kutoka ng'ambo, akaitazama mara moja akasema hii kazi ya wanajeshi.

"Shoga," Demetria akasema, "hilo teke lingempata mtu ungeozea ndani."

"Usinichekeshe, tumbo linaniuma."

"Ndiyo dawa yenyewe. Tumbo likiuma ujue limesikia."

Kwenye televisheni yule dada alikuwa bado anaruka na kupiga ngumi hewani, anatabasamu kama mtu aliyeitwa kula. Ngumi, ngumi, hatua mbili za kucheza, kiuno, teke. Kizungu chake kilikuwa cha haraka. Masomo yangu ya jioni yalinifikisha kwenye kushoto, kulia, na bado kidogo.

"Irudishe nyuma," nikamwambia Demetria.

"Leo? Si upumzike kwanza, ukazike chupa?"

"Irudishe nyuma, Demetria. Naanza upya."

Alinitazama, kisha akaacha kucheka. "Ni Twaha, eti?"

Nilifungua kanga nikaifunga tena, juu zaidi.

Ni Twaha, mume wangu. Nitamficha nani?

Mara ya kwanza Twaha kunitazama ilikuwa kwenye harusi moja Tandika. Mie nilikuwa nacheza na wenzangu, yeye alikuwa anasaidia kupanga viti. Akasimama na viti viwili mikononi, akasahau kuviweka chini, mpaka mzee mmoja akamwambia, "Kijana, hivyo viti unavioa?" Watu wakaangua kicheko, naye hata hakusikia. Mwanamke akitazamwa hivyo mara moja, anakuwa kama aliyeonjeshwa asali. Hawezi kujifanya haijui ladha yake.

Tulipooana akawa anaondoka alfajiri kwenda Wazo, kwenye kiwanda cha saruji, mwisho mwingine wa jiji. Anarudi jioni na vumbi jeupe kwenye kope. Alikuwa ananitazama kupitia vumbi hilo kabla hata hajanawa uso, anasema, "Ngoja kwanza nikuone." Nilikuwa naifanya kazi yangu yote ya mchana kwa ajili ya maneno hayo.

Kisha nikamzaa Mauwa. Arobaini ikatoka, nikaoga, nikajifukiza udi, nikatandika shuka la maua. Twaha akaja mlangoni, akalitazama shuka, akachukua mto wake.

"Nalala sebuleni," akasema. "Chumbani joto."

Joto. Mpaka mwezi wa saba ukafika, mwezi ambao mama mkwe analala na mashuka mawili na soksi, mume wangu bado anakimbilia mkeka wa sebuleni kwa joto. Na ule utazamaji ukaisha. Anaongea na mie akitazama mlango. Anapokea sahani akitazama sahani.

Siku moja nikajifungia chumbani nikasimama mbele ya kioo cha kabati. Tumbo lilikuwa limelegea kama unga wa chapati uliosahauliwa kwenye bakuli. Nikalishika kwa mikono miwili. Sikulichukia, lilimbeba mwanangu. Ila nililiambia kweli: "Wewe na mie tuna kazi."

Ndiyo maana Demetria aliponiletea kanda ile, sikuuliza mara mbili.

*

Kanga niliiacha siku ya pili. Nilifukua kwenye sanduku bukta ya mpira ya Twaha, ya buluu yenye mstari mweupe, ya enzi akichezea timu ya mtaa. Nikawa naivaa chini ya kanga, nafunga mlango wa sebule, ndipo navua kanga. Mauwa namkalisha kwenye busati na mfuniko wa sufuria. Yeye anapiga mfuniko, mie napiga hewa.

Siku za mwanzo sikuweza kuchuchumaa msalani bila kushika ukuta. Mapaja yalikuwa yanawaka. Umeme nao ukikatika, na ulikuwa ukikatika sana, yule dada anatoweka katikati ya teke. Mara ya kwanza nilikaa chini nikataka kulia. Mara ya pili nikasema hapana, hatua nimeshazishika. Nikaanza kujiimbia mwenyewe, du-du-pa, du-du-pa, narusha ngumi gizani nyuma ya mapazia. Mauwa akacheka mpaka akapata kwikwi.

Demetria akirudi kutoka kazini ananisaili.

"Leo umefika wapi?"

"Mpaka pale wanaporuka."

"Uongo!"

"Haki ya Mungu. Ila nikiruka kila kitu kinaruka na mie, halafu kinachelewa kushuka."

Alicheka mpaka akashika kizingiti. Lakini kila siku nilifika mbele kidogo. Kuna siku nilirusha ngumi nikasikia upepo wake. Mie, Nusaiba, ngumi yangu ina upepo!

Mama mkwe hakuwa mtu wa kufichwa jambo. Asubuhi moja aliniita uani. Alikuwa kamlaza Mauwa mapajani, anamkanda miguu kwa mafuta ya nazi kama alivyofanya kila asubuhi tangu mtoto azaliwe. Anashuka pajani, anazunguka goti, anaminya kifundo, anarudi. Na kila asubuhi swali lake lilikuwa moja.

"Jana alisimama?"

"Alisimama mama, kwa kushika kochi."

"Akaachia?"

"Bado."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akanitazama mie, kutoka juu mpaka chini.

"Mwali, unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Mbona unakonda?"

"Nafanya mazoezi, mama. Ya mwili."

"Mazoezi! Unakwenda vitani?" Akashusha sauti, maana majirani zetu masikio yao yanapita ukutani. "Sikia, mwanangu. Mwanamke akiolewa hunenepa. Akikonda, watu hawamuulizi yeye, wanamuuliza mumewe. Na siku hizi mtu akipungua tu, watu wana lao la kusema. Unalijua."

"Nalijua, mama."

"Mie nilikufunga mkaja kwa mikono yangu hii ulipojifungua. Tumbo likarudi."

"Lilirudi nusu njia, mama, Mungu akulipe. Sasa namalizia mwenyewe."

Mikono yake ikasimama kwenye goti la Mauwa. Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo. Wala yeye hakuwa amejibiwa hivyo na mtu aliyekula chumvi yake.

"Nitamwambia mwanangu," akasema.

"Mwambie, mama."

Niliondoka pale, na siku ile ile mchana niliwasha deki.

*

Siku chache baadaye Twaha alirudi kabla ya wakati wake. Sikusikia mlango. Nilikuwa nimefika kwenye lile teke la pembeni, na safari hii mguu ulipanda, ukapita juu ya stuli bila kugusa hata kitambaa, ukarudi chini kwa adabu. Nikageuka nikicheka peke yangu, nikamkuta kasimama mlangoni.

Vumbi la saruji lilikuwa kwenye kope. Na alikuwa ananitazama.

Alinitazama miguu, akaitazama bukta, akapanda mpaka shingoni kulikokuwa na jasho, akafika machoni. Kwa muda kama wa kumeza mate, alikuwa yule kijana wa Tandika mwenye viti viwili mikononi. Moyo wangu ulipiga kuliko nilivyokuwa naruka.

Kisha akageuza uso, akatazama kalenda ukutani. Akavuka sebule akazima televisheni.

"Hiyo bukta yangu," akasema.

"Yako. Ulikuwa huivai."

"Mama kaniambia."

"Kakwambiaje?"

"Kwamba mke wangu anajifungia ndani mchana anarusha mateke kama punda aliyekata kamba."

"Punda kamkosea nini mama?"

Mdomo wake ulitaka kucheka, akaukaza. "Nusa, acha hiki kitu."

"Siachi."

"Nakwambia kama mumeo."

"Na mie nakujibu kama mkeo. Siachi."

Alishusha mkoba wake wa chakula juu ya kochi kwa nguvu. "Sasa niambie kitu kimoja. Mwanamke kaolewa, ana mtoto, kapumzika kwake. Ghafla anataka kuwa msichana. Unakonda kwa ajili ya nani?"

Nilihisi kama yule dada wa kwenye kanda katoka na kunipiga mwenyewe.

"Rudia."

"Umenisikia."

"Rudia, Twaha, nikusikie vizuri."

Mauwa aliacha kupiga mfuniko.

"Basi nitakujibu," nikasema, na sauti ilikuwa inanikatika lakini niliisukuma mbele. "Kuna mwanamume mmoja anafanya kazi Wazo. Anatokaga alfajiri, anarudi jioni na vumbi kwenye kope. Zamani alikuwaga anasema, ngoja kwanza nikuone. Siku hizi ananitazama kama kalenda ya mwaka jana. Nakonda kwa ajili ya huyo. Unamjua?"

"Nusa..."

"Unalala kwenye mkeka, Twaha! Kwa joto la mwezi wa saba! Kama hunitaki, niambie. Nitarudi kwetu Kisiju na mwanangu na mateke yangu, lakini sitakaa kwenye nyumba ya mtu nikibembeleza macho."

"Sikutaki?" Alilisema kama mtu aliyeokota kitu hakijui. "Mie sikutaki wewe?"

"Sasa ule mkeka ni wa nini?"

Alikaa kwenye mkono wa kochi. Akanitazama, kweli kweli, kwa mshangao.

"Kwani hujui? Somo wako hakukwambia?"

"Somo wangu yupi?"

"Si yule bibi wa Kisiju, aliyekucheza unyago."

"Somo wangu alikufa, Twaha. Alikufa nikiwa na mimba ya huyu mtoto. Jeneza ulibeba wewe mwenyewe."

Akashika kichwa kwa mikono miwili na vumbi la saruji likamwagika mabegani.

"Nikadhani," akasema taratibu, "nikadhani wamekuwekea mwingine."

"Somo hawekwi kama balbu, moja ikiungua unachomeka nyingine!"

Wasio wa Pwani wanaweza kutucheka. Kwetu sie mambo ya chumbani mama mkwe hamwambii mkwewe, ni haya kubwa. Kila jambo la kitanda lina mbebaji wake. Mwanamke huambiwa na somo wake, yule aliyemfunda akiwa mwali na kumkabidhi kwa mumewe. Mwanamume huambiwa na mjomba. Ujumbe wa mama mkwe kwa Twaha uliletwa na mjomba wake Mwinjuma siku ya arobaini. Ujumbe wangu ulikosa wa kuubeba, na hakuna aliyekumbuka kwamba mbebaji tulishamzika.

"Ujumbe gani?" nikauliza.

"Tusikaribiane mpaka mtoto atembee." Alisema akitazama mikono yake. "Tutambemenda."

Neno lile kila mzazi wa kwetu analijua na kuliogopa. Wazee wanasema mtoto aliyebemendwa hunyong'onyea, miguu huwa kama vijiti, hukaa tu.

"Mie nilijua kubemenda ni baba akitoka nje ya ndoa," nikasema. "Na kliniki walisema arobaini ikiisha basi."

"Mama anaamini ni hata ndani ya ndoa. Nusa, unajua mie si wa kwanza kuzaliwa?"

"Si wewe ndiye mkubwa?"

"Kulikuwa na Mashaka. Kabla yangu. Alifariki hajatembea." Sauti yake ilishuka. "Watu walimwambia mama kambemenda mwenyewe, kwa kukosa subira. Walimwambia msibani, mtoto hajazikwa. Mpaka leo hajawahi kulitaja jina lake mbele yangu. Ni Mjomba ndiye aliyenieleza."

Kutoka uani tulisikia ungo ukipepeta, sha, sha, sha. Niliikumbuka mikono ile yenye mafuta ya nazi, kila asubuhi, pajani, gotini, kifundoni. Akaachia? Bado. Nilikuwa nadhani ananichunguza ulezi wangu, kumbe bibi wa watu anahesabu hofu yake.

"Na kunitazama?" nikauliza, polepole sasa. "Mjomba alikataza na kutazama?"

"Hakukataza."

"Basi?"

"Nikikutazama nitaweza?" Alinyanyua uso, na macho yalikuwa mekundu, si ya vumbi. "Unadhani kwa nini nakimbilia mkeka? Nikikutazama nasahau mama, nasahau mjomba, nasahau hata jina langu. Leo nimekukuta na bukta yangu hii, Nusa, imebidi nisome kalenda. Sijui hata tarehe yenyewe ilikuwa ngapi."

Nilicheka, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka. Nikajifuta kwa mkono, ngumi bado nimeikunja.

"Sikia sasa, Baba Mauwa," nikamwambia. "Mama yako ameumia vya kutosha. Tutasubiri kama anavyotaka, mtoto atembee. Lakini mie nina sharti."

"Sema."

"Macho yangu unirudishie. Kunitazama hakumbemendi mtoto."

Aliinamisha kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu nyepesi. "Nimekubali. Na hiyo kanda? Si umeshajua kwamba nakupenda vile vile, na tumbo lako?"

"Nimejua, na nimefurahi. Lakini kanda siachi."

"Kwa nini tena?"

Nilifikiri kidogo nimjibu vipi. "Nilianza kwa ajili yako. Ila leo mguu wangu umepita juu ya ile stuli, Twaha. Nimempenda yule mwanamke aliyeuvusha. Nataka nimwone mwisho wake."

Akainuka, mume wangu, akavuka sebule, na akawasha televisheni kwa mkono wake.

*

Kesho yake asubuhi sikusubiri kuitwa. Nilikwenda uani, nikakaa kwenye mkeka mbele ya mama mkwe, nikakinga viganja.

"Shikamoo, mama. Nitilie mafuta. Nataka unifundishe kumkanda."

"Marahaba." Alinitazama kwa muda mrefu. Sijui alisoma nini usoni kwangu. Akamimina mafuta viganjani mwangu, akaishika mikono yangu, akaipeleka mwenyewe: pajani, gotini, kifundoni.

"Usiminye kama unafua," akasema. Kisha, bila kunyanyua uso: "Na mwambie Demetria hiyo kanda yake muipunguze sauti. Mie sijawa kiziwi."

Hakusema tena niache.

Twaha naye alitimiza ahadi. Jioni alikuwa anaingia na vumbi lake, anasimama mlangoni. "Ngoja kwanza nikuone." Siku za mapumziko alikuwa anakaa kwenye kochi na kunitazama mazoezi yote, mikono kaikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki. Nikimaliza ananipa maji. Vidole vyetu vilikuwa vinagusana kwenye bilauri, na mie naapa hakuna shuka la maua lililowahi kuniunguza kama bilauri ile. Kisha anachukua mto wake, anatandika mkeka, na kabla hajalala ananiita kutoka sebuleni.

"Nusa."

"Abee."

"Mtoto kashika nini leo?"

"Kashika stuli."

"Kaachia?"

"Lala, Twaha."

Kuna siku alitaka kujaribu. Akavua shati, akajipanga nyuma yangu, akarusha teke moja. Chini. Kochi likasogea mpaka ukutani. Demetria alikuja mbio kutoka chumbani kwake akidhani ni kabati.

"Shemeji!" akasema. "Na mifuko ya saruji unaibebaje?"

"Mifuko hainitaki ninyanyue mguu," Twaha akajibu akiwa sakafuni.

Hata mama mkwe, uani, tulimsikia akicheka. Alikificha kicheko ndani ya kikohozi, lakini sie tulikijua.

*

Ikafika Jumapili moja, alasiri. Umeme ulikuwepo. Niliwasha kanda, nikaanza na goti la kulia. Twaha alikuwa mahali pake kwenye kochi. Mauwa alikuwa kasimama, kashika stuli ile ile ya chupa ya chai, anamtazama dada wa kwenye televisheni kwa makini kama anayesoma naye masomo ya jioni.

Dada akanyanyua goti. Nikanyanyua goti. Mauwa akanyanyua kiguu chake, akadondokea makalio.

"Pole, bondia," Twaha akasema.

Hakulia. Akashika stuli, akasimama tena. Akanyanyua tena. Akadondoka tena. Uso wake ulikuwa umekasirika, kakunja midomo, na nikauona uso wangu wa kwenye kioo cha kabati.

"Usimsaidie," nikamnong'oneza Twaha, maana alishainuka nusu. "Mwache."

Akasimama mara nyingine. Safari hii mikono yote miwili ilitoka kwenye stuli, akaikunja ngumi mbele ya kifua kama yule dada. Akayumba. Hakuanguka. Kiguu kikatoka, kikakanyaga busati. Kingine kikafuata.

Nilichuchumaa nikamfungulia mikono. Baba yake akachuchumaa upande wa pili, naye kafungua mikono. Mwanangu akapita katikati yetu kama hatujui. Alikuwa anakwenda mlangoni.

Mlangoni alikuwa kasimama bibi yake na ungo wa mchele.

Sijui alikuwa pale tangu lini. Ungo ulimtoka mkononi, mchele ukatawanyika sakafuni mpaka chini ya makochi, na Bi Mwanakombo, na magoti yake yale yanayomuuma, akapiga magoti juu ya mchele. Mauwa akamfikia akamwangukia kifuani. Bibi akamkumbatia, akaishika ile miguu, akaipapasa, paja, goti, kifundo, kama anayekagua kama ni ya kweli. Nikasikia jina moja likimtoka, dogo kama pumzi. Halikuwa jina la Mauwa.

Twaha alilisikia pia. Alikwenda akapiga magoti kando yake, akamshika bega. Na mama yake hakumwondoa mkono.

Kisha Bi Mwanakombo akajifuta kwa ncha ya kanga, akainuka na mtoto begani. Alitutazama? Hapana. Atawezaje? Somo hayupo, mjomba yuko mbali, na haya ni haya. Akamtazama mjukuu wake, akaongea naye kwa sauti ya kutosha watu watatu.

"Mauwa, mjukuu wangu. Wewe sasa mkubwa, unatembea. Leo unalala na bibi yako."

Mie nikatazama sakafu, punje za mchele. Mashavu yangu yalikuwa yanawaka.

"Na wewe Twaha," akaongeza, akiwa ameshatupa mgongo, "ule mkeka ukunje uniletee uani. Nataka kuanikia muhogo."

"Ndiyo, mama," Twaha akajibu.

Akaondoka na mtoto, tukamsikia koridoni akimwambia Demetria, "Njoo uone! Njoo uone miguu ya huyu!" na vigelegele vya Demetria vikajaza nyumba nzima.

Sebuleni tukabaki wawili, na yule dada kwenye televisheni anaruka bila habari. Twaha alikunja mkeka. Aliukunja vibaya, haraka, akaufungua akaukunja tena. Kisha akanitazama. Alinitazama kutoka kwenye bukta yake mpaka machoni, bila kukimbilia kalenda, mkeka kaubana kwapani kama vile viti vya Tandika. Akapiga hatua kuelekea kwenye televisheni, akanyoosha mkono kwenye kitufe.

"Usizime," nikamwambia, nikikunja ngumi upya. "Bado mguu wa kushoto."